Mwanajeshi naye ana masaa ya kazi? Maswali yenu kuhusu lindo, ovataimu na mapumziko

Safari hii nimechagua meseji tano zinazoenda njia moja, zote zimetoka huku huku Mwanza na visiwani, za watu wa gwanda, familia zao na walinda mageti. Majina nimeyaondoa kwa sababu mnazozielewa.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mume wangu ni mwanajeshi, tumepanga uraiani huku Kisesa. Kinachonisumbua ni lindo. Anaingia kota gadi saa kumi na mbili asubuhi, anatoka kesho yake muda huo huo, na kuna siku hata kuoga hajamaliza simu inaita anatakiwa paredi. Nikimuuliza hayo masaa yanalipwa wapi ananicheka, eti jeshini hakuna ovataimu. Sasa jirani yangu mmoja ana kaka yake Ujerumani, katuambia huko wanajeshi walishinda kesi na lindo linahesabiwa ni kazi. Ni kweli? Na kama kweli mbona sisi hapana? (Mke wa afande, Kisesa)

JIBU: Marahaba dada. Jirani hajakudanganya, ila kachanganya nchi na pia kaikuza kidogo hiyo ushindi yenyewe. Kesi ilitoka Slovenia, kanchi kadogo ka Ulaya kalikokuwa zamani ndani ya Yugoslavia. Askari mmoja mwenye cheo, lakini siyo ofisa, kati ya Februari 2014 na Julai 2015 alikuwa anapangiwa kulinda kambi siku saba mfululizo kila mwezi, masaa 24 kila siku, kutoka nje hakuna. Kuna muda yuko kwenye doria kabisa, kuna muda amekaa tu anasubiri mkubwa amwite. Wizara yao ya ulinzi ikawa inamhesabia saa 8 kwa siku kuwa ndo kazi, yale 16 yaliyobaki wanasema huyu alikuwa standbai, wanamlipa asilimia 20 ya mshahara wa msingi. Jamaa akasema haiwezekani, mi nimelala kambini siyo kwangu, mke na watoto siwaoni, mnaniambiaje sikuwa kazini? Akafungua kesi, ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya kwao, nayo ikaomba mwongozo kwa Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyopo Luxembourg, na jibu likatoka tarehe 15 Julai 2021.

Hilo jibu lina sehemu mbili na watu wengi wanaishia ya kwanza. Sehemu ya kwanza ni tamu. Ulaya wana sheria moja ya masaa ya kazi ya mwaka 2003, inasema mfanyakazi asizidishe wastani wa saa 48 kwa wiki, apumzike saa 11 mfululizo kila siku, siku moja nzima kwa wiki, na likizo ya wiki nne kwa mwaka. Mahakama ikasema mwanajeshi naye ni mfanyakazi, huwezi kumtoa nje ya hiyo sheria kwa sababu tu amevaa gwanda, unatakiwa uangalie anafanya nini. Kama ni lindo la kawaida wakati wa amani, lile ambalo leo analinda huyu kesho yule, na ametakiwa abaki kambini mbali na kwake, basi muda wote huo ni kazi hata kama kuna saa alikaa kwenye benchi anaangalia nyota. Na hawakuanzia hewani maana walishasema hivyo kwa madaktari wa zamu Hispania mwaka 2000, wakasema tena Ujerumani 2003, na 2018 wakamhesabia hata zimamoto mmoja wa Ubelgiji aliyekuwa anasubiri nyumbani kwake, kisa alitakiwa akiitwa afike kituoni ndani ya dakika 8, we mtu mwenye dakika 8 utasema yuko huru kweli?

Sehemu ya pili ndo chungu. Mahakama ikasema sheria ile ya masaa inahusu afya na mapumziko, haihusu bei. Kwa hiyo nchi inaweza kabisa kukubali kwamba masaa ya kusubiri ni kazi na bado ikayalipa kwa kiwango cha chini kuliko ya doria. Yani jamaa aliyeenda kudai hela akarudi na haki ya kulala. Siyo kidogo, lakini siyo alichokiendea.

Sasa kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini namba 6 ya mwaka 2004, ile inayowapa wafanyakazi wa Tanzania Bara saa 45 kwa wiki na ovataimu, kifungu cha 2 kinawatoa nje waliomo kwenye JWTZ, Polisi, Magereza na JKT, wawe wa kudumu au wa muda. Haijaangalia anafanya nini, imeangalia yuko jeshi gani. Kenya ni hivyo hivyo, sheria yao ya ajira ya 2007 imewaweka pembeni wanajeshi, polisi na magereza. Kwa hiyo mumeo anavyokucheka yuko sahihi kisheria, CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, akienda na madai ya ovataimu hata fomu hatoimaliza kujaza.

Ila kuna kitu kimejificha pale pale kifungu cha 2 na watu hawakisomi. Kinasema vifungu vya 5, 6 na 7 vinawahusu hata hao wa majeshi. Cha 5 ni ajira ya watoto, cha 7 ni ubaguzi, na cha 6 ni kazi ya kulazimishwa. Hicho cha 6 kinakataza kumlazimisha mtu kazi, afu kinatoa nje kazi inayofanywa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966 kama ni kazi ya kijeshi tupu. Umeona hapo? Kwenye hilo jambo moja sheria yetu nayo imeangalia anafanya nini. Kulinda kambi ni kazi ya kijeshi, hakuna ubishi. Lakini askari akitumwa kwenda kuchunga ng'ombe za mtu binafsi au kumjengea mtu nyumba yake, mi nikisoma kifungu kile siuoni ujeshi wowote hapo. Sijasema mumeo anafanyiwa hivyo, nasema mpaka upo na ni vizuri mkaujua.

Ushauri wangu kwake usiwe wa kesi. Jeshini malalamiko yanapanda ngazi, anaanza na kamanda wake wa karibu, halafu wa juu yake, mpaka mkuu wa kikosi, na kinachosikilizwa pale ni hoja ya orodha ya lindo, siyo ya hela. Akienda kudai ovataimu atarudishwa mlangoni, ila akisema afande naomba anayetoka lindo la usiku asipangiwe kazi asubuhi ile ile maana anashika silaha akiwa hajalala, hiyo ni lugha ambayo kamanda yeyote mwenye akili anaielewa, orodha inarekebishwa kwa kalamu tu bila kubadilisha sheria ya nchi. Na wewe dada siku hiyo akitoka lindo usimpe orodha ya soko kabla hajalala.

SWALI: Mambo vipi. Mi nasoma chuo hapa Nyegezi, nimeona watu wanabishana kuhusu hiyo kesi ya wanajeshi wa Ulaya kuwa na saa 48. Sasa swali langu la kijinga, vita ikitokea ikafika Ijumaa jioni saa zimeisha si adui ataingia tu? (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Poa mdogo wangu. Swali siyo la kijinga, ndo lile lile serikali ya Ufaransa ilikuja nalo juu, hoja yao ni kwamba mwanajeshi lazima apatikane muda wowote mahali popote na usalama wa taifa ni jambo la kila nchi yenyewe, siyo la majaji wa Luxembourg.

Lakini mahakama haikuwa imelala. Iliweka mambo manne ambayo yakiwepo sheria ya masaa inakaa pembeni. Mafunzo ya mwanzo, mazoezi ya kivita na operesheni yenyewe, hapo hakuna saa 48. Kazi ambayo ni maalumu kiasi kwamba huwezi kuweka watu wa kupokezana. Tukio kubwa lisilo la kawaida ambalo ulinzi wa watu ndo unatangulia. Na hali ambayo ukianza kupanga shifti operesheni yenyewe lazima iharibike.

Tulete huku kwetu. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yanavuka kuingia Kagera, kuna mtu angeuliza zamu ya nani? Hiyo ni operesheni, inatoka moja kwa moja. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere inapinduka pale karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 wanapoteza maisha, wapiga mbizi wanazama na kuibuka na baada ya siku mbili wanamtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya kivuko. We ungemwambia mpiga mbizi saa zako 11 za kupumzika zimefika kaa kando? Hilo ndo tukio lisilo la kawaida, linatoka nalo. Lakini sasa chukua Jumanne ya kawaida, ziwa limetulia, askari yuko getini anaandika namba za gari la mkaa linaloingia mesi. Hapo vita iko wapi? Hilo ndo lindo ambalo Mahakama ilisema lihesabiwe.

Afu kuna nchi zilifanya hata kabla ya kesi. Ujerumani tangu Januari 2016 wana kanuni ya masaa ya wanajeshi, saa 41 kwa wiki kwa kazi za kawaida za kambini, na jeshi lao lipo mpaka leo halijavunjika. Ufaransa nao baada ya kelele zote mwezi Desemba 2021 mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ilipata kesi ya askari wa gendarmerie, wale wanaofanya kazi za polisi lakini hadhi yao ni ya kijeshi, ikasema kanuni zilizopo tayari zinaheshimu kikomo cha saa 48, ombi likatupwa. Kwa hiyo ile bomu iliyoogopwa haikulipuka.

Kama unatafuta mada ya tasnifu angalia na Afrika Kusini. Mwaka 1999 Mahakama yao ya Katiba iliruhusu wanajeshi kujiunga na vyama vya wafanyakazi, wakati huo huo sheria yao ya masaa ya kazi iliwaacha nje. Yani una chama cha kukusemea ila huna saa za kudai. Mi naona hapo pana utamu wa kuandika kuliko hiyo ya Slovenia ambayo kila mtu ataikopi.

SWALI: Mwangaluka. Mimi ni mstaafu wa jeshi, nipo Nansio na shughuli zangu za dagaa. Nimesikia wajukuu wanabishana habari ya mwanajeshi kulipwa ovataimu nikasikitika. Jeshi ni kiapo, siyo kibarua. Sisi tulikaa macho siku tatu na kazi ikafanyika. Mnawaharibu vijana. (Mzee wa Nansio)

JIBU: Mwangaluka mzee wangu, na shikamoo. Kiapo sikigusi. Na kwa habari ya hela tuko pamoja, hata hao majaji wa Ulaya nimesema hapo juu hela hawakuigusa. Mi nazungumzia usingizi tu, maana usingizi haukuapa mzee.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichukua watu wakawaweka macho, afu wakawapima vitendo vya mikono na akili wakilinganisha na watu waliopewa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alikuwa sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na wa saa 24 alikuwa sawa na 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi dereva ananyang'anywa funguo. Sasa mzee hebu fikiria unamkabidhi huyo mtu silaha yenye risasi saa kumi alfajiri na umwambie akiona kivuli asimamishe.

Na yametokea kwa jeshi ambalo hakuna anayelidharau. Mwaka 2017 meli mbili za kivita za Marekani ziligongana na meli za biashara ndani ya miezi mitatu, USS Fitzgerald mwezi Juni wakafa mabaharia 7, USS John S. McCain mwezi Agosti wakafa 10. Hapakuwa na adui wala kombora, bahari wanaijua na rada wanazo. Uchunguzi ulitaja mengi, uongozi mbovu, mafunzo hafifu, na uchovu ukawemo. Wakaguzi wa serikali yao wenyewe walishaandika kwamba kuna mabaharia walikuwa wanapiga zaidi ya saa 100 kwa wiki. Baada ya hapo jeshi lao la majini likaanza kupanga zamu zinazofuata mwili wa binadamu, mtu alale muda ule ule kila siku, siyo leo mchana kesho usiku. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya kuwabembeleza, walifanya kwa sababu meli ni ghali na watoto wa watu wamekufa.

Zile siku tatu zenu ilikuwa vita mzee, na hata hiyo sheria ya Ulaya ingewaambia endeleeni. Mi naongelea siku zile za baada ya vita ambazo nazo mlikuwa mnapokezana, si ndo maana kukawa na zamu ya kwanza, ya pili na ya tatu? Wewe mwenyewe ulikuwa unamwamsha mwenzako muda wako ukifika, na asipoamka unamvuta blanketi. Hesabu ya masaa mlikuwa nayo.

SWALI: Mwanangu kachaguliwa mafunzo ya JKT, tuko Sengerema. Je kuna sheria inayosema waamshwe saa ngapi na wapumzike saa ngapi? (Mzazi)

JIBU: Mzazi mwenzangu, kwenye sheria ya ajira hakuna, JKT imetajwa kwa jina kuwa nje, na hata kule Ulaya mafunzo ya mwanzo ni kitu cha kwanza kutolewa. Ataamshwa alfajiri, atakimbia, atalalamika kwenye simu wiki mbili za kwanza afu atazoea. Kama ana pumu, kifafa, moyo au mgongo aseme mapema na aende na vyeti vya hospitali, asione aibu, hilo ndo la kufuatilia kuliko saa ya kuamka.

SWALI: Habari kaka. Mi nilipita JKT, sahivi ni mlinzi wa kampuni binafsi, tumepangwa kwenye kiwanda cha samaki huku Ilemela. Tunaingia saa kumi na mbili jioni kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Ovataimu hakuna. Tukiuliza supavaiza anasema nyie ni askari, askari hana masaa. Kula tunakula hapo hapo getini maana hauruhusiwi kutoka. Naomba msaada hapo. (Mlinzi, Ilemela)

JIBU: Kaka yangu hili lako ndo lenye hela kwa hiyo kaa vizuri. Supavaiza wako anakopa gwanda la watu. Wewe siyo askari, umevaa sare ya kampuni na una mkataba na kampuni, na kupita JKT zamani hakukufanyi uwe JKT leo. Ile orodha ya kifungu cha 2 imetaja majeshi manne basi, makampuni ya ulinzi hayamo. Hata kampuni ikiwa inamilikiwa na mjomba wa jenerali bado we ni mwajiriwa wa kawaida na sheria yote ya 2004 ni ya kwako. Na siyo wewe tu, hata mpishi raia aliyeajiriwa kwenye mesi ya kambi si mwanajeshi, naye ni mtumishi kama watumishi wengine.

Sasa hesabu. Sheria inasema kikomo cha kawaida ni siku 6, saa 9 kwa siku, na jumla isizidi saa 45 kwa wiki. Ovataimu iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na ukijumlisha yote usizidi saa 12 kwa siku. Wewe unapiga 12 mara 6, hiyo ni 72 kwa wiki, kwa wiki nne 288. Za kawaida zingekuwa 180. Kwa hiyo una saa 108 za ziada kila wiki nne wakati mwisho wa sheria ni 50. Yani hata wangekulipa zote bado wangekuwa wamevunja.

Watakwambia hapana, kuna saa moja ya kula, ondoa hiyo. Hapo ndo uwe makini. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akishafanya kazi saa 5 mfululizo, na mwajiri halazimiki kuilipa hiyo saa, ISIPOKUWA kama wakati wa mapumziko alimtaka afanye kazi au awe tayari kwa kazi. Wewe unakula ubwabwa wako kwenye kiti cha plastiki, taa ya geti imejaa wadudu wa ziwani mpaka wanaingia kwenye hotpoti, na lori la samaki likipiga honi unaweka kijiko chini unakimbia kufungua. Hiyo ndo kuwa tayari kwa kazi, hakuna mfano mzuri zaidi. Ni ile ile hoja ya yule askari wa Slovenia, tofauti ni kwamba kwako imeandikwa kwenye sheria ya Tanzania na inahusu hela.

Na hela yenyewe. Ovataimu ni mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Kupata wa saa, mshahara wa mwezi unagawa kwa 4.333 halafu unagawa tena kwa 45. Tuchukue mfano wa 300,000, inakuja kama 1,538 kwa saa, ukizidisha moja na nusu ni kama 2,308. Mara saa 108 inafika karibu 249,000. Umeona? Kila wiki nne unaacha mezani karibu mshahara mwingine. Bado hujaweka ya usiku, maana kuanzia saa mbili usiku mpaka kumi na mbili asubuhi kila saa inaongezwa asilimia 5 isiyopungua, na shifti yako saa 10 kati ya 12 ziko humo ndani. Sikukuu za kitaifa ni malipo mara mbili. Na kuna hii nyingine wengi hawaijui, kati ya kutoka kazini na kuingia tena lazima ziwepo saa 12 mfululizo za kupumzika, ratiba yako imekaa kwenye ukingo kabisa, mwenzako wa asubuhi akichelewa nusu saa na wewe jioni ukaingia muda ule ule tayari zimepungua.

Kuna ujanja mmoja wataleta, ile wiki iliyobanwa. Sheria inaruhusu mkubaliane kwa maandishi ufanye mpaka saa 12 kwa siku bila ovataimu, lakini isizidi siku 5 na zile saa 45 za kawaida zinabaki pale pale. Siku sita haziingii humo hata wakisukuma. Kama ulisaini karatasi kama hiyo nipe nakala niione kabla hujasaini nyingine.

Cha kufanya, usianze na kugombana na supavaiza, yeye mwenyewe hana saini ya hela. Andikeni barua ya pamoja kwa mwajiri, majina yote chini, mueleze masaa mnayoingia na kutoka na muombe malipo, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya nendeni kwa Afisa Kazi, au mkajaze fomu namba 1 ya CMA, ofisi ipo hapa hapa Mwanza. Madai ya namna hii yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ukifukuzwa kazi kwa ajili ya hili dai la kufukuzwa lina siku 30 tu, kwa hiyo usikae nyumbani unasubiri hasira ziishe. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda ila uwe na sababu ya maana. Wataanza na usuluhishi, na walinzi wengi wanamalizana pale pale kwa sababu kampuni haipendi mteja wake wa kiwandani asikie.

Ushahidi beba mkataba kama unao, na kama hawakukupa usiogope, mwajiri akishindwa kuonyesha maelezo ya maandishi ya ajira yako, masaa yakiwemo, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake. Beba slipu za mshahara au meseji za benki, picha ya ratiba iliyobandikwa kibandani, na kurasa za lile daftari la lindo mnalosaini kuingia na kutoka, hilo ndo lenye nguvu kuliko yote kwa sababu limeandikwa na nyie na kusainiwa na wao. Piga picha ukurasa mzima tarehe ionekane. Lakini karatasi usichane hata moja, maana ukichana watakufungulia kesi yao na wewe ndo utakuwa mshtakiwa.